Trekta la Kwanza kwa Shamba Dogo: Anza na Kazi na Siku Ulizonazo

Mkulima mwenye shamba dogo akitangaza kwamba anataka kununua trekta, swali la kwanza analoulizwa ni la nguvu farasi ngapi. Ni swali halali, ila likitangulia linavuruga hesabu. Kwanza ujue kazi nzito kuliko zote shambani kwako ni ipi, udongo wako ukoje, na una siku ngapi za kuimaliza kazi hiyo kabla muda wa kupanda haujakupita. Ukishayajua hayo matatu, ukubwa wa trekta utaupata kwa kalamu na karatasi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua upana wa zana kwa mita, uzidishe kwa mwendo wa trekta kwa kilomita kwa saa, zidisha tena kwa 0.75 kwa kuwa karibu robo ya muda huishia kwenye kugeuza na kusimama, halafu gawanya kwa 10. Unachopata ni hektari kwa saa.

Tuseme unatumia plau la sahani tatu, kila sahani ikikata sentimita 30. Upana wake ni mita 0.9. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa utalima hektari 0.34 kwa saa, maana yake hektari moja inakuchukua saa 3 hivi. Haro, zana ya kuvunja mabonge baada ya kulima, la upana wa mita 1.8 kwa kilomita 7 kwa saa linamaliza karibu hektari moja kwa saa. Shamba la hektari 8, yaani kama ekari 20, litahitaji saa 24 za kulima na saa 8 au 9 za kupiga haro. Ukifanya kazi saa 6 kwa siku, unamaliza ndani ya siku 6.

Yatazame matokeo hayo kwa makini kabla ya kwenda dukani. Plau la sahani tatu kwa kawaida huvutwa na trekta la nguvu farasi 50 hadi 75. Kwa hiyo trekta la ukubwa wa kawaida kabisa linamaliza utayarishaji wa hektari 8 kwa wiki moja, kisha linakaa. Mwenye ekari 5 atalitumia siku mbili tu. Ndiyo maana nawashauri wengi waanze na trekta dogo, wanunue kwa ushirika na majirani wanaoaminiana, au waendelee kukodi kwa msimu mwingine huku wakiweka fedha. Chini ya ekari 5, pawatila, yaani kitrekta cha magurudumu mawili kinachoongozwa kwa mikono, mara nyingi inatosha, hasa kwenye udongo laini au majaruba ya mpunga, na fundi wa kawaida anaimudu.

Kama hesabu yako inategemea kulimia wengine kwa malipo, kumbuka kwamba majirani zako wanataka kulimiwa wiki ileile unayolima kwako. Weka kwenye hesabu siku zitakazobaki baada ya shamba lako kwisha, maana hizo ndizo za biashara. Kazi zinazodumu mwaka mzima ni za tela: kubeba samadi, mavuno, maji, mchanga. Trekta linalovuta tela linaweza kujilipia hata kama jembe limeegeshwa.

Udongo nao una kauli yake. Udongo wa mfinyanzi mzito unaweza kudai nguvu maradufu ya ile inayohitajika kwenye udongo wa kichanga kwa plau lilelile. Trekta linalovuta sahani tatu kwa wepesi kwa jirani mwenye udongo wa kichanga linaweza kukwama na sahani mbili kwako. Kabla ya kununua, omba trekta la aina unayoitaka lije kulima kwako, siyo kwenye uwanja wa muuzaji. Muuzaji asiyekubali kabisa jambo hilo, mimi ningemwacha.

Wengi wanasahau uzito. Injini inaweza kuwa na nguvu tele, lakini nguvu hiyo inafika ardhini kupitia matairi, na tairi lisilokandamizwa linazunguka bure. Kuna kipimo rahisi. Chora alama ya chaki kwenye tairi la nyuma, endesha bila kuteremsha plau, hesabu mizunguko 10 ya tairi na upime umbali uliokwenda. Rudia ukiwa unalima. Kama mara ya kwanza ulikwenda mita 40 na mara ya pili mita 35, tairi linateleza kwa asilimia 12.5, na hapo uko sawa. Asilimia 10 hadi 15 inakubalika. Ikipita 20 unachoma dizeli na kula matairi bila kazi kuonekana: ongeza vyuma vya uzito kwenye magurudumu, jaza maji kwenye matairi ya nyuma hadi robo tatu, au punguza upana wa zana. Ikishuka chini sana, trekta ni zito kupita kiasi na linakandamiza udongo ambao mizizi itapaswa kuupenya.

Hapa inafaa kumkumbuka Harry Ferguson, mhandisi aliyezaliwa Ireland. Zamani jembe lilikokotwa nyuma ya trekta kama mkokoteni. Yeye aliliunganisha na trekta kwa mikono mitatu na kulinyanyua kwa haidroliki, yaani nguvu ya oili inayosukumwa na pampu, hivyo sehemu ya mzigo wa jembe ikawa inakandamiza magurudumu ya nyuma. Trekta jepesi likaweza kulima vizuri. Ford ilitoa trekta la 9N lenye mfumo huo mwaka 1939, na leo karibu kila trekta la shamba lina mikono hiyo mitatu. Kwako wewe mnunuzi, hii inamaanisha ukague mikono na haidroliki kwa umakini uleule unaokagua nao injini. Pini zake zina vipimo. Matrekta madogo mengi hutumia daraja la kwanza, pini za mikono ya chini zikiwa na unene wa milimita 22; ya kati hutumia daraja la pili, milimita 28. Ukinunua plau la daraja la pili kwa trekta la daraja la kwanza, pini haziingiliani na trekta halitalimudu. Nenda dukani na rula.

Zana zinapaswa kuwemo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Inasikitisha kuona trekta jipya limeegeshwa msimu mzima kwa sababu fedha zote ziliishia kwenye mashine na plau halikununuliwa. Tenga kwanza fedha ya plau, haro na tela, kisha kinachobaki ndicho kikuongoze kwenye trekta. Kama kazi yako kubwa ni rotaveta, zana ya visu vinavyozunguka na kusaga udongo, angalia nguvu inayofika kwenye PTO, ile shafti fupi inayotokeza nyuma na kuzungusha mashine. Huko hufika takriban asilimia 85 ya nguvu ya injini. Rotaveta ya mita 1.5 inahitaji trekta la nguvu farasi 40 hadi 50, na ukiifunga kwenye trekta dogo zaidi utaliua taratibu.

Kuhusu magurudumu mawili ya kuvuta au manne: shamba tambarare na kavu linaridhika na mawili. Manne yana faida ya kweli kwenye miteremko, matope na udongo mzito, lakini yana ekseli ya mbele yenye gia, sili na maungio yanayotaka oili na fundi, na matairi yake ya mbele ni ghali zaidi. Usinunue manne kwa ajili ya sifa. Kama utapalilia kwa trekta, ulizia pia kama nafasi kati ya magurudumu inaweza kubadilishwa. Mazao yaliyopandwa kwa mistari ya sentimita 75 yanataka matairi yaachane sentimita 150 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya lingine. Hapo trekta linapita juu ya mistari miwili bila kukanyaga mmea.

Suala la fundi na vipuri nalipa uzito kuliko aina ya trekta. Siku plau linapongoja, ubora wa injini hausaidii kama filta au diski ya klachi inapatikana baada ya wiki tatu. Kabla ya kuchagua aina, tembelea maduka ya vipuri unayoweza kuyafikia na uulize vitu vitano: filta ya dizeli, filta ya oili, diski ya klachi, pampu ya maji na sili za haidroliki. Aina ambayo vitu hivyo viko kwenye rafu ndiyo ya kwako. Halafu tazama majirani wanatumia nini. Penye matrekta kumi ya aina moja kuna fundi anayeyajua na kuna trekta bovu la kung'olea spea. Trekta geni peke yake eneo zima ni mzigo, hata likiuzwa kwa bei ya kuvutia.

Ukinunua lililotumika

Trekta lililotumika linaweza kuwa uamuzi wa busara kuliko jipya, mradi ukaguzi ufanyike kwa utulivu. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini, kwa sababu ugumu wa kuwaka asubuhi hufichwa kwa kulipasha moto mapema.

Injini ikiwa bado baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yenye utando wa oili ni dalili mbaya. Chomoa kipima oili: oili yenye rangi ya maziwa imeingiliwa na maji, na hapo huna sababu ya kuendelea. Sasa liwashwe. Moshi mweusi kidogo wakati wa kuwaka au unapokanyaga mafuta siyo tatizo. Ukiendelea, huenda chujio la hewa limeziba au nozeli za kunyunyizia dizeli zimechoka. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na matengenezo yake ni makubwa. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto unaonyesha dizeli isiyoungua vizuri au maji yanayoingia kwenye silinda. Kisha legeza kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma polepole. Hewa ikisukuma kwa nguvu na kwa mfululizo, ringi za pistoni zimekwisha.

Usiamini mita ya saa peke yake, maana hubadilishwa. Amini pedali. Mpira uliolika hadi chuma, tundu za pini zilizopanuka na kuwa kama yai, usukani wenye mchezo mkubwa: hayo yanasema umri wa kweli. Pakia plau, lipandishe, zima injini, na ulitazame. Likishuka lenyewe ndani ya dakika chache, haidroliki imechoka. Jaribu gia zote, na kwenye mteremko mdogo angalia kama kuna gia inayojitoa. Mwisho, linganisha namba ya chasisi na ya injini na zile zilizoandikwa kwenye hati, herufi kwa herufi. Zisipolingana, ondoka hata kama umeshalipenda.

Mpeleke fundi wako, umlipe wewe. Fundi anayeletwa na muuzaji anamfanyia kazi muuzaji.

Hesabu ya mafuta nayo ifanye mapema. Trekta la nguvu farasi 50 likilima kwa nguvu hunywa kati ya lita 7 na 9 za dizeli kwa saa. Kwa saa 3 za hektari moja ni lita 21 hadi 27. Kama bei ya kulimia wengine haibebi mafuta hayo, ujira wa dereva, oili, matairi na akiba ya matengenezo, utalima sana na kubaki mikono mitupu.

Usalama ni sehemu ya kuchagua

Sitalipita hili haraka, kwa sababu matrekta huua, na mara nyingi huua mwenye nalo au mtoto wake. Kupinduka ndiko kunakoongoza. Chagua trekta lenye fremu ya chuma ya kumkinga dereva na mkanda wake. Sweden ililazimisha matrekta mapya yawe na kinga hiyo kuanzia 1959, na vifo vya kupinduka vilipungua sana. Fremu bila mkanda inasaidia nusu tu, kwani dereva hurushwa nje na kuangukiwa. Na pale ambapo fremu haipo, mkanda usifungwe.

Mzigo wa kukokota ufungwe kwenye kiungio cha chini kabisa tu. Anayefunga mnyororo kwenye ekseli au mkono wa juu ili kung'oa kisiki anaweza kuinuliwa mbele na kulaliwa na trekta kabla hajakanyaga klachi. Shafti ya PTO iwe na kifuniko chake. Ikizunguka mara 540 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 9 kwa sekunde moja, na nguo ikinaswa hakuna mtu awezaye kuivuta. Pedali mbili za breki ziunganishwe kwa komeo lake kila unapoingia barabarani, la sivyo breki moja itakugeuza ghafla. Na abiria asipande kwenye madigadi. Kiti ni kimoja.

Likishafika nyumbani, saa 50 za mwanzo ndizo za kulilea kama ni jipya: usilipe kazi nzito mfululizo, usiliache likinguruma bure kwa muda mrefu, na saa hizo zikitimia mwaga oili na ubadilishe filta kama kitabu chake kinavyoelekeza. Lililotumika libadilishiwe oili na filta zote siku ya kwanza, hata muuzaji akisema amefanya juzi. Kaza nati za magurudumu baada ya saa chache za kazi, kisha rudia kesho yake. Fungua daftari moja la kuandika saa, mafuta, grisi na kila kipuri kilichobadilishwa, na dereva aandike yeye mwenyewe kila jioni kabla ya kukabidhi ufunguo.