Kabla ya uji wa saa nne

Ukitaka kujua kama darasa la awali limejiandaa kwa uji, usianzie jikoni. Anzia kwenye bomba. Watoto 40, koki moja, kila mtoto nusu dakika ya kunawa kwa sabuni: hizo ni dakika 20, na aliyenawa wa kwanza ameshachezea udongo tena na kuuliza "Mwalimu, bado?" mara sita. Vibuyu chirizi vitatu vya madumu ya lita tano, yenye tundu dogo na kamba ya kukanyagia, vinapunguza muda huo hadi dakika saba hivi. Vijazwe asubuhi kabla watoto hawajaingia, na sabuni ifungwe kwenye kamba isipotee. Beseni moja la kuchovya mikono darasa zima silikubali hata siku ya shida ya maji. Hapo mnagawana uchafu tu.

Waite kwa makundi madogo, na anayemaliza kunawa akute nafasi yake mkekani na kikombe chenye uji uliokwisha poa. Hiyo inataka uji umiminwe mapema, kama robo saa kabla, ufunikwe, kisha udondoshe tone nyuma ya kiganja chako kabla hujawaita. Sufuria la moto lisipite kabisa katikati ya watoto waliokaa.

Kuhusu kiasi, usikadirie kwa macho. Kikombe cha robo lita kwa watoto 40 ni lita 10. Mwombe mpishi lita 12. Yupo atakayemwaga, na yupo ambaye hajatia kitu tumboni tangu jana jioni. Huyu wa pili utamtambua bila kumuuliza: akimaliza, anazungusha kidole ndani ya kikombe, pole pole, mpaka chini, kisha anakilamba. Zile lita mbili ni zake. Vikombe navyo vizidi idadi ya watoto, maana kilichoanguka mchangani hakirudishwi mdomoni.

Unga ukaguliwe siku unapoletwa, si asubuhi ya kupika. Mahindi na karanga, ndizo nguzo za uji wa lishe, ndizo pia zinazoshikwa na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, zikikaa na unyevu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Kuchemsha hakuiondoi, na haionekani kwa macho, kwa hiyo nunua wa kutosha wiki chache tu, weka magunia juu ya chaga mbali na ukuta, na wenye harufu ya ukungu usiupike hata kama ndio uliobaki.

Waulize wazazi mwanzoni mwa muhula nani ana mzio wa karanga au maziwa, kisha bandika majina jikoni, mpishi ayaone. Karanga nzima usiwape watoto wa umri huu, zinakaba. Na kila mtoto anywe na kula akiwa amekaa.

Limebaki la michango, nalo limalizwe kwenye kikao cha wazazi kabla hata jiko halijawashwa. Ambaye hajachanga, zungumza naye pembeni. Jina la mwanawe lisisomwe darasani, na kikombe chake kipangwe mkekani pamoja na vingine.