SOMO: Kukamua maziwa kwa mkono kabla hujarudi kazini

Siku 84 za likizo ya uzazi hapa Tanzania huisha upesi kuliko mshahara. Kama ulianza kupumzika wiki mbili kabla ya kujifungua, unarudi kazini mtoto ana wiki 10 tu, na kliniki wamekwambia mpaka miezi 6 asionje hata maji. Hapo ndipo wengi wetu tunapoingiza uji wa mapema, au kopo la maziwa ya dukani ambalo bei yake mnaijua. Leo nafundisha kukamua kwa mkono. Mwenye mashine aitumie, siisemi vibaya, ila mkono hautaki umeme wala hausahauliki nyumbani.

Nianze na kosa langu. Kwa mtoto wa kwanza nilijua kukamua na nilijua kuhifadhi, lakini sikukaa na dada wa kazi nikamwelekeza. Siku ya kwanza narudi jioni nakuta sufuria imelowekwa. Dada wa watu, kwa usafi wake, aliyachemsha yakapanda kama ya ng'ombe, mengine yakaishia kwenye jiko. Mililita 200 za alfajiri mbili! Nilikaa sakafuni nikalia na begi bado begani. Kwa hiyo somo hili nusu ni la mama, nusu ni la anayebaki na mtoto.

Hatua ya 1: Anza wiki mbili kabla. Kamua mara moja kwa siku, alfajiri, mtoto akishanyonya. Siku za kwanza utapata kidogo sana. Ni kawaida, mkono unajifunza.

Hatua ya 2: Vyombo. Bakuli la mdomo mpana la kukamulia, vikopo vyenye mfuniko vya kuhifadhia, na vikombe vya kahawa, vile vidogo vya wazee wa barazani. Osha kwa sabuni, kisha chemsha. Tafuta na kalamu na plasta ya karatasi ya kuandikia tarehe. Basi, hakuna kingine cha kununua.

Hatua ya 3: Mkono wenyewe. Hapa tusiende haraka.

Nawa mikono kwa sabuni. Kaa, inama kidogo mbele. Weka kitambaa cha uvuguvugu kwenye titi dakika chache, kisha lipapase kwa mzunguko kutoka juu kushuka kwenye chuchu. Sasa weka kidole gumba juu ya titi na kidole cha shahada chini, sentimita 2 au 3 nyuma ya chuchu, pale weusi unapokaribia kuishia. Sukuma vidole nyuma kuelekea kifuani. Kisha vikutanishe, bana, achia. Sukuma, bana, achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi, na chuchu yenyewe usiivute. Ukiivuta utaumia, na maziwa hayatoki kwa kuvutwa.

Mara ya kwanza hutoka tone moja moja, unaweza kukata tamaa. Endelea. Baada ya dakika moja au mbili utasikia titi linawasha kama sindano ndogo ndogo, na yatarusha mistari miwili mitatu kwa mpigo. Yakipungua, zungusha vidole uguse sehemu nyingine ya titi, kisha hamia titi la pili. Rudia pande zote. Kazi yote ni dakika 20 hadi 30, na ikiuma ujue vidole vimekaa vibaya.

Kiasi gani? Kwa mtoto wa umri huu piga hesabu ya mililita 30 hivi kwa kila saa usiyokuwepo. Ukitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi ukarudi saa kumi jioni, ni kama mililita 300. Yagawe katika vikopo vya mililita 60 mpaka 80, usijaze kopo moja kubwa, maana yanayobaki kwenye kikombe alichonywea mtoto hayakai zaidi ya saa mbili.

Hatua ya 4: Kuhifadhi. Mezani, penye ubaridi, saa 4. Kwa joto la Dar mimi nahesabu pungufu ya hapo. Kwenye friji siku 4, kule nyuma, si mlangoni. Yakigandishwa kwenye friza hukaa vizuri hadi miezi 6. Yakishayeyuka kwenye friji yatumike ndani ya saa 24, na usiyagandishe tena.

Hatua ya 5: Mfundishe dada, au bibi, au baba. Mfundishe ukiwepo, siku tatu mfululizo, na siku ya tatu afanye yeye wewe ukiwa chumba kingine. Kopo liwekwe kwenye bakuli la maji ya moto mpaka maziwa yawe vuguvugu. Yasiguse jiko! Mtoto akalishwe wima mapajani, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, kikombe kiinamishwe mpaka maziwa yafike mdomoni. Atayalamba mwenyewe. Asimiminiwe, atapaliwa. Kikombe ni rahisi kuosha kuliko chupa, na mtoto hazoei chuchu ya plastiki akaja kulikataa titi.

Hatua ya 6: Kazini. Kamua kila baada ya saa 3 hivi, la sivyo titi litajaa, litavuja, na baada ya wiki chache litapunguza kutengeneza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Ongea na bosi kabla ya kurudi, kwa maandishi, usingoje ukiwa umelowa blauzi mbele ya mteja.

MASWALI YENU

*Maziwa yangu ya kwenye friji yamejitenga, juu kama mafuta, chini kama maji. Nimwage?*

Usimwage, mama. Hayajachanganywa kiwandani, ndiyo maana mafuta yanapanda. Zungusha kopo taratibu yatarudi kuwa kitu kimoja.

*Mama mkwe anasema maziwa yakikaa titini siku nzima na jua hili yanachacha, nikifika nyumbani niyakamue kwanza niyamwage ndipo mtoto anyonye.*

Hili nimelisikia kuanzia Tanga mpaka Mwanza. Maziwa hayachachi yakiwa ndani ya titi, hata utembee juani kutwa. Usibishane na mama. Mwambie "sawa mama", ingia chumbani, mnyonyeshe mtoto.

*Nakamua nusu saa napata vijiko viwili. Ina maana sina maziwa?*

Hapana dada yangu. Mtoto anavuta kuliko mkono wowote. Kama anakojoa mara sita au zaidi kwa siku na kadi ya kliniki inapanda, maziwa yapo. Jaribu kukamua titi moja wakati mtoto ananyonya lingine. Kazini, chukua nguo yake aliyolalia, inuse. Utacheka, lakini maziwa yatashuka.

*Mimi ni muuza duka Kariakoo, sina chumba wala friji.*

Stoo na khanga ya kujifunika. Beba kibegi cha kutunza baridi chenye chupa mbili za maji yaliyoganda, maziwa yatakaa humo hadi saa 24. Kama barafu hakuna, kamua hata ya kumwaga. Inauma, najua, lakini unalinda ya kesho.

*Mimi niko Mombasa, hiyo sheria ya saa mbili inanihusu?*

Hiyo ni ya Tanzania. Ninyi mna Sheria ya Afya ya 2017, inayomtaka mwajiri kuweka mahali pa kunyonyeshea. Waulize ofisini pako wapi, na msalani si jibu.

*Titi moja lina uvimbe mgumu, limekuwa jekundu, na tangu jana nina homa. Niache kunyonyesha upande huo?*

Usiache, mtoto haumwi kwa hilo, na maziwa yakilala humo uvimbe unazidi. Endelea kunyonyesha kama kawaida. Mkandamizo wa kitambaa baridi unapunguza maumivu, na usilikande kwa nguvu. Lakini ukiwa na homa tangu jana, leo hii nenda kituo cha afya, huenda unahitaji dawa. Nenda na mtoto.