Antena ya ndani chini ya mabati: jinsi ya kupata KBC, Citizen na wenzao bila kulipa kila mwezi

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi Nairobi au viungani mwake, ana TV, na amechoka kulipia king'amuzi ili atazame habari za saa moja tu. Nimeuandika baada ya kumfungia shangazi yangu antena kule Ongata Rongai. Maelezo mengi ya antena ya darini yanayopatikana mtandaoni yametoka kwa watu ambao paa zao ni za mbao na lami. Sisi tumeezeka mabati, kwa hiyo ushauri wao ukiufuata ulivyo utapanda darini, utakula vumbi, na utashuka bila chaneli hata moja.

Hatua ya 1: TV iwe ya DVB-T2

Tangu analogia izimwe mwaka 2015, runinga ya antena Kenya ni ya kidijitali, na mtindo wake ni DVB-T2. Tazama kibandiko cha nyuma ya TV au katoni yake. Ukiona DVB-T bila ile 2 mwishoni, au kama TV yenyewe ni ya kichogo, nunua king'amuzi cha antena kisicho na kadi. Unakilipia mara moja, basi. King'amuzi cha dishi hakifai kwa kazi hii hata kiwe cha bei gani, kwa sababu kimetengenezwa kwa mawimbi ya setilaiti.

Kwenye menyu chagua Antena, usichague Kebo. Nchi iwe Kenya; kama haimo kwenye orodha, Ujerumani inafanya kazi vizuri, kwa kuwa nafasi za chaneli zao za UHF, yaani mawimbi yanayobeba runinga, zina upana wa megahetsi 8 kama zetu.

Hatua ya 2: Jua mawimbi yanatoka upande gani

Kwa Nairobi, geukia Limuru, ndiko iliko minara inayorusha matangazo. Ukiwa Rongai hiyo ni kaskazini, ukiegemea magharibi kidogo, kilomita thelathini na kitu kwa mstari ulionyooka. Ukiwa Kitengela ni kaskazini-magharibi na mbali zaidi. Dira ya simu inatosha, lakini simama nje uwanjani, maana karibu na bati au nondo dira hudanganya.

Njia ninayoiamini zaidi ni kutazama paa za majirani. Antena zao zimeelekea wapi? Na vijiti vyake vimelala au vimesimama? Yako ielekee huko na ilale au isimame vivyo hivyo. Ukisimamisha vijiti ilhali mawimbi yanakuja yamelala, unapoteza sehemu kubwa ya nguvu kabla hujaanza.

Jambo moja la kuelewa mapema: stesheni hazisafiri moja moja. Stesheni kadhaa hupanda masafa mamoja kama abiria wa matatu, na matatu hiyo isipofika kwako unawakosa abiria wote kwa pamoja. Signet ya KBC, kampuni ya kurusha matangazo, ina masafa yake. ADN, kampuni nyingine ya kazi hiyo iliyoanzishwa na Royal Media, Nation na Standard, ina yake. Kwa hiyo ukipata Citizen na NTV lakini KBC na kundi lake hawaonekani, TV yako haijaharibika. Umekosa masafa mamoja, na dawa yake ni kusogeza antena, si kubadilisha king'amuzi.

Hatua ya 3: Chagua antena, na usidanganywe na katoni

Runinga yetu iko kwenye UHF, chaneli 21 hadi 48 (hizi ni namba za masafa, si stesheni), yaani megahetsi 470 hadi 694. Urefu wa wimbi moja hapo ni kama nusu mita, kwa hiyo antena haihitaji kuwa kubwa. Mimi napenda ile ndogo ya vijiti vingi vilivyopangwa kwenye mhimili mmoja, inayoingia kwenye mfuko wa sokoni. Ina mwelekeo, na mwelekeo ndio unaokuokoa nyumba ikiwa imejaa chuma.

Zile bapa kama karatasi, zenye katoni iliyoandikwa maili 200 na 4K, mimi sinunui. Hakuna antena ya sebuleni inayoona maili 200, kwa kuwa dunia yenyewe imejipinda na mawimbi haya husafiri karibu kama mwanga. Na antena haijui 4K ni nini. Yenyewe inapokea mawimbi tu, picha inatengenezwa ndani ya TV.

Ukitaka kujaribu kabla ya kununua chochote, chukua vipande viwili vya waya wa shaba wa umeme wa nyumba, kila kimoja sentimita 13 hivi. Vifunge kwenye ubao kwa mstari mmoja, ncha zao za ndani zikaribiane bila kugusana. Kimoja kiunge na uzi wa katikati wa waya wa antena, kingine na wavu wake wa nje. Upande mpana wa huo mstari, si ncha, ndio utazame Limuru. Hiyo ni antena kamili. Nimeona ikishinda za dukani.

Hatua ya 4: Mahali pa kuiweka

Hapa kaa kitako, maana hapa ndipo saa zinapoishia.

Bati halipitishi mawimbi. Linayarudisha yalikotoka, au linayatupa pembeni. Antena ikiwa darini katikati ya nyumba ya mabati, kinachoifikia ni kile kilichopenya kwa kubahatisha pembeni, kikagonga huku na huku, kikafika vipande vipande. Busta, kile kifaa cha kukuza mawimbi, haisaidii hapo; hakuna kitu cha kukuza.

Sasa utaniambia, "Mimi sina mabati, nina vigae." Una uhakika? Nyumba nyingi mpya zimeezekwa kwa vigae vya chuma vilivyomwagiwa chembe za mawe. Ukitazama kutoka chini utaapa ni udongo. Panda na sumaku, hata ile ya spika iliyokufa, uibandike kwa chini. Ikinata, una mabati yenye nguo nzuri. Vigae vya udongo halisi vinapitisha mawimbi, ingawa vikilowa mvua vinapunguza kidogo. Makuti yanapitisha bila shida, kwa hiyo ndugu zetu wa Pwani wenye paa za makuti wafunge darini wasiogope. Kitu kingine cha kuangalia ni ile karatasi ya kung'aa kama fedha inayotandikwa chini ya paa kuzuia joto. Hiyo nayo ni chuma, hata paa likiwa la udongo.

Je, dari chini ya mabati halifai kabisa? Linafaa katika hali moja: ukuta wa pembetatu wa mwisho wa paa, ule ulio upande wa Limuru, uwe wa mawe au mbao na si wa bati. Hapo antena ikae karibu na ukuta huo, ikiutazama, mbali na tangi la maji la chuma na nyaya za umeme. Kwa shangazi ukuta wa upande huo ulikuwa wa mawe, na ndiyo sababu pekee iliyonipandisha darini. Kama ukuta wako wa pembetatu unatazama kwingine, shuka.

Ukishuka, mahali pa pili ni dirisha la upande wa Limuru. Weka juu kadiri unavyoweza, juu ya pelmeti ikiwezekana. Grili za dirisha zinasumbua lakini hazizuii kabisa. Isogeze antena hadi iwe nusu mita nyuma ya chuma badala ya kuibandika kwenye grili. Wavu wa mbu ukiwa wa nailoni hauna neno. Ukiwa wa waya, fungua dirisha uone tofauti. Katika ghorofa, ukiwa upande usiotazama Limuru, wakati mwingine ukuta wa jengo la jirani unakurudishia mawimbi mazuri kuliko yale ya moja kwa moja yaliyozuiwa na zege na nondo. Jaribu kuielekeza antena kwenye jengo hilo kabla hujakata tamaa.

Mahali pa tatu, na mimi ndipo ninapopapenda kuliko pote, ni nje chini ya kipaa cha bati, pale ukutani mvua isipofika. Najua si ndani. Lakini hupandi paa, hutoboi bati, na mwenye nyumba hana la kulalamikia.

Namna ya kutafuta yenyewe ni hii. Usitumie ule msako wa moja kwa moja wa chaneli zote. Unachukua dakika nyingi kila mara, na TV nyingi hufuta orodha ya zamani kabla ya kuanza, hivyo ulichokuwa umepata unakipoteza. Ingia kwenye msako wa mkono, unaokuuliza masafa. Masafa yaombe kwa jirani aliyekwisha kufanikiwa: kwenye TV yake fungua ukurasa wa taarifa za mawimbi ukiwa kwenye KBC, kisha ukiwa kwenye Citizen, uandike namba. Ukipewa namba ya chaneli badala ya megahetsi, toa 21, zidisha kwa 8, jumlisha 474. Chaneli 30, kwa mfano, ni 546.

Weka masafa, usibonyeze kitufe cha kusaka bado. Utaona mistari miwili: nguvu na ubora. Nguvu isikuhangaishe. Nimeona nguvu 90 na skrini nyeusi, kwa sababu mawimbi yaliyogonga mabati na kurudi yanahesabiwa kama nguvu ilhali yanavuruga ubora. Tazama ubora tu. Na uutazame kwenye masafa yaliyo dhaifu zaidi kati ya yale uliyoandika. Yaliyo imara yatajipata yenyewe.

Kazi hii ni ya watu wawili na simu mbili. Mimi juu, shangazi sebuleni.

"Shangazi, ubora ngapi sasa?"

"Sufuri."

"Na sasa?"

"Sufuri, mwanangu. Ngoja... arubaini. Hamsini na tano. Umefanya nini? Imerudi sufuri."

Nilikuwa nimesogea kiganja kimoja tu. Ndivyo ilivyo: kwa mawimbi ya nusu mita, sentimita 20 ni safari ndefu. Sogeza kidogo, ondoa mikono, hesabu hadi tano ndipo uulize, kwa kuwa mstari huchelewa na mwili wako nao huvuruga. Panda, shuka, kushoto, kulia, na usisahau kuizungusha polepole mahali palepale. Ukipata mahali pazuri, usifunge bado. Badilisha masafa ujaribu ya pili. Sehemu inayokupa 60 kwenye yote mawili ni bora kuliko inayokupa 95 kwenye moja na 20 kwenye jingine. Na usitarajie chenga kama za zamani zikuambie unakaribia: dijitali hukupa picha safi, au hugandagandisha, au hukunyima kabisa. Ndiyo maana mahali panapopita kwa shida mchana patakuangusha usiku wa mvua. Acha akiba.

Kabla ya kufunga, zima taa za LED na chaja za simu zilizo karibu, kisha uziwashe moja moja ubora ukiwa mbele yako. Za bei ya chini nyingi hutoa kelele inayoingia moja kwa moja kwenye antena. Ukimpata mhalifu, mhamishe.

Hatua ya 5: Busta, kama ni lazima

Jaribu bila busta kwanza. Ukiishi Kikuyu, Ruaka au Limuru kwenyewe, busta inaweza kukufutia chaneli ulizokuwa nazo, kwa kuwa inajaza TV kupita uwezo wake. Kama waya ni mrefu au uko mbali, busta ikae karibu na antena, sio nyuma ya TV, la sivyo inakuza pia kelele iliyookotwa njiani.

Antena yenye busta ndani inahitaji volti 5, ama kwa waya wa USB ama kutoka kwenye king'amuzi kupitia waya uleule wa antena. Kwenye menyu kuna mahali pa kuwasha umeme huo wa antena. Usipouwasha, busta iliyozimwa inazuia mawimbi badala ya kuyapitisha, na watu wengi hurudisha antena dukani kwa sababu hiyo tu. Antena isiyo na busta, acha umeme huo umezimwa.

Hatua ya 6: Waya na kufunga

Tumia waya wa antena wa aina ya RG6, kipande kimoja, bila viungo. Unapovalisha konekta hakikisha hakuna hata unywele mmoja wa wavu unaogusa uzi wa katikati. Ukigawia TV ya pili kwa splita, kila moja inapata chini ya nusu ya nguvu, kwa hiyo tafuta mahali ukiwa umeshaiunga.

Funga antena kwa tai za plastiki, si kwa waya wa chuma, kisha sasa ndipo uendeshe msako kamili, mara moja. Radi ikianza kupiga, chomoa waya wa antena kwenye TV.