Jinsi ya kurekodi kumbukumbu za mto kutoka kwa bibi yako

Usianze na simu, anza na kigoda. Bibi yangu nilimhoji kwanza sebuleni, akanijibu maneno matatu matatu. Nilipompeleka ukingoni mwa Mto Tana, karibu na mji wa Garsen nchini Kenya, akatia miguu majini na kuanza kusimulia mwenyewe.

Miaka usimuulize. Muulize mafuriko. Ya 1961 bibi anayajua kwa mpunga uliosombwa na usiku waliolala juu ya mwembe; ya El Nino, 1997, kwa mjukuu aliyezaliwa maji yakiwa mlangoni. Tarehe utazipanga wewe baadaye.

Kisha mpe kijiti achore mchangani. Mto Tana huhama: hukata kona, ukaacha ziwa lililopinda kama mundu pale ulipopita zamani. Bibi aliuchora mto wa utotoni mwake, akatia alama palipofungwa mitumbwi, kwenye migomba ya babake, na pale walipokatazwa kuchota maji kwa sababu ya mamba. Upige picha mchoro huo papo hapo. Mimi nilichelewa, upepo ukafuta nusu, na hadi leo inaniuma.

Nyimbo ziache mwisho. Muombe zile za kubembelezea watoto. Wimbo wa taifa wa Kenya wenyewe ulichukua lahani yake kwa wimbo kama huo wa Wapokomo, watu wa Mto Tana. Bibi aliimba polepole, kiganja kikipigapiga paja kana kwamba kuna mtoto pale. Simu ifunike kwa leso isivume upepo, na akinyamaza, usimkatize. Mara nyingi anarudi na ubeti mwingine.