Kurekodi albamu ya pili kwa sauti ya chini

Albamu ya kwanza niliijaza ngoma na vinanda. Hii ya pili, ya mapenzi na upweke, nairekodi chumbani usiku, peke yangu. Tundika mablanketi mazito nyuma yako yameze mwangwi. Maikrofoni ikae sentimita 10 hivi kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili "p" na "b" zisiipige kwa upepo. Ukaribu huo huongeza besi, na msikilizaji huhisi unamnong'oneza. Mwimbie mtu mmoja, umwite "wewe". Pumzi usizifute kabisa! Wimbo wa kuachwa niliurudia mara 9, nikaishia kuchagua rekodi ya kwanza, sauti ilipokatika kwenye neno "rudi". Gitaa nalo lipige hapo hapo ukiimba, usilirekodi baadaye.