Ukitaka kuvua Malagarasi, tazama majira kwanza

Mnaopanga kwenda Uvinza kutupa ndoano Mto Malagarasi, msikate tiketi kabla ya kuangalia majira. Masika mto hujaa, maji huwa tope na samaki hawakioni chambo. Nendeni Julai hadi Septemba, maji yakishapungua. Na kabla hamjakanyaga ukingo, piteni kwa wavuvi wa pale. Wao ndio wanajua mamba wanakaa wapi, na hilo jamani si la kubahatisha hata kidogo. Leseni, ulizeni kwa ofisa uvuvi wa wilaya. Kama mtaunganisha na Ziwa Tanganyika, ulizeni mapema pia kama uvuvi umefunguliwa: mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15.