Miiba na magamba ya samaki usimwage, choma upate makaa ya kuchujia maji

Ndugu zangu mnaofuga samaki na nyie mnaopara samaki kila siku, ile ndoo ya miiba, vichwa na magamba mnayoenda kumwaga ina kazi kubwa sana ukiichoma vizuri. Unapata bayocha, yaani makaa ya mabaki yaliyochomwa bila hewa ya kutosha, na hii ni tofauti na mkaa wa kuni kwa sababu miiba na magamba vina madini ya kalsiamu na fosfeti ndani yake. Hapo ndo penye nguvu. Maji yenye madini ya risasi yakipita, risasi inashikana na fosfeti inakuwa kitu kigumu kisichoyeyuka kirahisi tena, madini mengine kama kadimiamu na zinki nayo yananasa, na floraidi inayoharibu meno ya watoto inanaswa pia. Floraidi haitoki kwa kuchemsha jamani, ukichemsha sana ndo inazidi maana maji yanapungua yenyewe inabaki, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita.

Matumbo weka kando, yana mafuta na maji mengi, yapeleke kwenye mboji. Miiba na magamba chemsha, sugua nyama itoke, suuza, anika juani mpaka mwiba ukiukunja unakatika kwa mlio. Usiruke hatua hii, mafuta yakibaki maji yako yatanuka.

Sasa kuchoma, hapa ndo wengi wanaharibu. Usitupe miiba kwenye moto wa wazi utapata majivu tu. Tafuta debe la chuma lenye kifuniko kinachobana, toboa tundu moja la msumari, jaza, kisha washa moto kulizunguka, nje ya nyumba na mbali na watu kwa sababu moshi wake una sumu. Moshi utatoka tunduni, wenyewe utashika moto, endelea kuchochea mpaka ukome kabisa. Joto linalotakiwa ni kama nyuzi 400 mpaka 500 za Selsiasi. Ukishazima USIFUNGUE, acha mpaka kesho yake, maana ukifungua ya moto hewa inaingia yanawaka upya.

Halafu soma rangi. Yakiwa meusi tii na bado yana harufu hayajaiva, yatatia maji rangi na ladha mbaya, rudisha motoni. Ya kijivu ndo unayoyataka. Meupe kama chokaa yameungua kupita kiasi na uwezo wa kunasa floraidi umeshuka sana.

Ponda yawe kama chenga za mchele, chekecha utoe vumbi maana linaziba chujio, osha mpaka maji yatoke masafi. Weka kwenye ndoo yenye kokoto chini, na maji yapite polepole, yakikimbia yanapita na uchafu wake wote.

Mimi kwa maoni yangu kama ni maji ya kunywa usianze kabla hujayapeleka maabara, ujue unapambana na nini. Haya makaa hayaui vijidudu kwa hiyo bado utachemsha au utatia klorini baada ya kuchuja, na naitreti ya mbolea inapita tu. Usiyamwage bwawani pia, fosfeti kidogo inavuja na mwani unafumuka. Jambo lingine, makaa yakishajaa hayakwambii, maji yanatoka masafi machoni na ladha ni ileile kumbe yanapita na floraidi yake, ndo maana lazima upime tena kila baada ya muda na ubadilishe.

Makaa yaliyochoka yaliyonasa risasi au kadimiamu usiyapeleke bustanini hata kama umesikia bayocha ni mbolea, mboga zinaweza kuyavuta yale madini zikakurudishia mezani. Yafunge kwenye chombo kisichovuja, weka mbali na watoto na kuku, uliza wanaohusika na taka za sumu wayachukue.